Nywele za kipilipili na kujiamini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni ususi, Dar es Salaam. Maswali haya huulizwa na watu waliokaa kwenye kiti, na mengine huingia kwenye simu usiku, mtu ameshafumua rasta na amejiangalia kwenye kioo. Mengine nimeyajibu kama msusi, mengine kama mtu mwenye maoni yake. Utaona mwenyewe yapi ni yapi.

Nywele za asili ni zipi hasa? Nikisuka rasta bado ninazo?

Ni nywele ambazo umbo lake halijabadilishwa kwa kemikali. Basi. Ukisuka twende kilioni, ukifunga uzi, ukipaka hina au ukivaa wigi juu yake, chini bado ni za asili. Hata ukizinyoosha kwa moto, zikirudi kujikunja ukiziosha, ni za asili vilevile, ingawa moto ukizidi kuna siku hazitarudi. Dawa ya kulainisha ndiyo mpaka. Kipande kilichopita dawa hakigeuki tena, na kinachoota baada ya hapo kutoka kwenye ngozi ndicho chako.

Wapo wanaoongeza masharti: rasta hapana, rangi hapana, mafuta ya dukani hapana. Waache na masharti yao.

Kwa nini nikitoka na nywele zangu zenyewe najiona kama sijamaliza kuvaa?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote yanalizunguka. Kwa kawaida mtu hujibiwa "jipende", halafu anaachwa hapohapo na kitana mkononi.

Tazama historia ya kichwa cha msichana wa kawaida wa Tanzania Bara. Mdogo anasukwa mabutu barazani, amebanwa kwenye magoti ya mama au dada, analia. Akianza shule ananyolewa. Shule nyingi za serikali zinamtaka abaki na nywele fupi mpaka kidato cha nne, na wengine wanafika cha sita hivyohivyo. Akimaliza mtihani wa mwisho zinaanza kuota, na kabla hazijafunika masikio anapelekwa saluni kutiwa dawa "zikae vizuri". Kenya hadithi haiko mbali sana na hii, ila huko shule nyingi zaidi huruhusu matuta.

Sasa niambie, mtu huyu alizishika lini nywele zake zikiwa ndefu? Hajui zinajikunja vipi, zikilowa zinafanya nini, zinadai mafuta lini, zinachukia nini. Akija kuacha dawa ana miaka thelathini, anakutana na mgeni kichwani mwake mwenyewe. Wasiwasi anaousikia watu wanauita kujichukia. Mimi naona ni kutokujua, na kutokujua kuna tiba. Ninachokiona kwenye kiti mara kwa mara ni kwamba kujiamini huja baada ya mikono kujua kazi. Mtu akishaweza kuzigawa mafungu, kuzilowesha, kuzifungua kuanzia nchani na kuzisokota kabla ya kulala, ile hamu ya kujifunika inapungua bila hotuba ya mtu yeyote.

Upande wa pili ni macho ya watu, na hayo yapo kweli. Kwenye daladala utaulizwa kama leo hukuchana. Ofisini watakuuliza kama unaumwa. Harusini mpambaji atakuuliza wigi liko wapi. Mwaka 2017 jarida moja la Uingereza lilimweka Lupita Nyong'o kwenye jalada, likafuta sehemu ya nywele zake na kuzilainisha zilizobaki. Alilalamika hadharani, akaweka picha ya awali na ile iliyochezewa pamoja. Huyo ana Oscar. Kwa hiyo anayekwambia tatizo liko moyoni mwako tu anakuonea.

Mawazo ya "nywele nzuri" na "nywele mbaya" yalitoka wapi?

Yana mizizi mingi, lakini mmoja mnene ni utumwa na ukoloni. Mwaka 1786, Louisiana ilipokuwa chini ya Hispania, gavana Esteban Miró aliamuru wanawake wenye asili ya Afrika wafunike nywele zao kwa kitambaa, kwa sababu walikuwa wanajipamba mno kwa macho ya wakubwa. Wanawake wakatii kwa kufunga vilemba vya rangi kali na vito juu yake, na amri ikageuka pambo. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, baada ya sheria ya kuandikisha watu kwa rangi ya mwaka 1950, penseli ilikuwa inachomekwa kwenye nywele za mtu ambaye rangi yake ina utata. Ikidondoka alihesabiwa mzungu, ikinasa hakuhesabiwa, na jibu hilo liliweza kuamua ataishi wapi na watoto wake watasoma shule gani. Ukisikia mtu anasema nywele ni nywele tu, mkumbushe penseli.

Biashara nayo ilikuja. Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, alitajirika kwa mafuta ya kutibu ngozi ya kichwa na kukuza nywele. Watu humsingizia kwamba ndiye aliyebuni chanuo la moto. Si yeye. Alilitumia katika mfumo wake na kufundisha wanawake maelfu kazi ya kuuza na kutengeneza nywele, na kwa wengi wao hiyo ilikuwa njia ya kutoka kwenye kufua nguo za wengine. Ndiyo maana mimi siwezi kuisema tasnia ya kunyoosha nywele kama uovu mtupu. Imelisha wengi, na bado inalisha, saluni za mtaani kwetu zikiwemo.

Kisha ukaja mgeuko. Januari 1962 huko Harlem, New York, kundi la Kwame Brathwaite na kaka yake Elombe Brath liliandaa onyesho la mitindo ambalo wasichana wake, Grandassa, walipanda jukwaani na nywele zao kama zilivyoota. Kauli ya kwamba weusi ni uzuri ikasambaa, na kufikia mwisho wa muongo ule Afro ya Angela Davis, mwanaharakati wa Marekani, ilikuwa inatambulika dunia nzima.

Na sisi? Tanzania serikali na chama vimewahi kuingia vichwani mwetu, kwa namna ya kuchekesha kidogo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969. Mawigi, sketi fupi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vilipigwa marufuku kama uchafu wa kigeni. Nusu karne baadaye, kwenye bajeti ya Juni 2019, Waziri Philip Mpango akapendekeza ushuru wa asilimia 10 kwa mawigi na rasta zinazotengenezwa nchini na 25 kwa zinazoagizwa. Mara zote mbili wigi lilipigwa, na mara zote mbili hakuna aliyemfundisha msichana kuchana kilicho chini ya wigi. Miaka ya kati, tulioishi enzi za kalikiti, ile dawa ya mikunjo inayong'aa, tunajua tulivyochafua mito ya kulalia kwa ule ute.

Ni kweli dawa ya nywele inasababisha saratani?

Nikueleze inavyofanya kazi kwanza. Dawa ya kulainisha huvunja viungo vinavyoupa unywele mkunjo wake. Zile kali hutumia sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Zile zinazouzwa kama laini zaidi kwa kawaida huwa na kalisi haidroksaidi inayochanganywa na kimiminika cha pili. Zote zinaunguza zikikaa zaidi ya muda wake, na ule moto unaouvumilia "ili ishike" ni ngozi yako inaungua. Hakuna dawa inayotakiwa kuwasha ili ishike.

Kuhusu saratani, utafiti unaozungumzwa sana ulitolewa Marekani Oktoba 2022. Walifuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi wafikapo miaka 70. Wale ambao hawakutumia walikuwa na asilimia 1.64. Elewa mambo mawili hapo. Hii ni saratani ya mfuko wa uzazi wenyewe, sio ya shingo ya kizazi tunayoisikia kila siku kliniki. Na utafiti wa aina hii unaonyesha kwamba vitu viwili vinaambatana, hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba kimoja kimeleta kingine.

Mimi sitishi watu kwa habari hii. Lakini kama unatia dawa kila baada ya wiki sita, tena juu ya vidonda, una sababu ya kutosha ya kupunguza hata kabla ya kufika kwenye saratani.

Nywele zangu hazikui. Nifanyeje?

Zinakua. Unanyoa nywele za sehemu za siri na kwapa kila mara, hizo nazo nani anazikuza? Nywele za kichwani huongezeka kama sentimita moja kwa mwezi, zetu kwa wastani chini kidogo ya hapo. Shida ni kwamba nchani zinakatika kwa kasi ileile zinayoota shinani, kwa hiyo urefu unasimama palepale mwaka hadi mwaka.

Sababu iko kwenye umbo. Unywele wa kipilipili ukikatwa na kuangaliwa kwa darubini ni bapa kidogo, na unatoka kwenye shina lililopinda. Kila kona ya mkunjo ni sehemu dhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa, ambayo kwenye nywele za singa huteleza mpaka chini, kwetu hukwama njiani. Ndiyo maana ngozi inaweza kuwa na mafuta huku ncha zimekauka kabisa. Na kwa kuwa zinajikunja, sentimita ishirini zinaweza kuonekana kama nane. Vuta unywele mmoja ukiwa umelowa ndipo utajua ulichonacho.

Kwa hiyo kazi yote ni kuzuia kukatika, na maji ndiyo mwanzo. Watu wengi wamelelewa kuogopa kulowesha nywele. Kwa nywele zilizonyooshwa kwa moto hofu hiyo ilikuwa na maana, kwa zilizoachwa zijikunje haina. Lowesha, tia kondishena, fungua kwa vidole, halafu kitana chenye meno mapana kuanzia nchani kwenda juu. Usichane kipilipili kikavu, hata kama una haraka, hata kama gari linapiga honi nje. Baada ya maji ndipo mafuta, kwa sababu kazi ya mafuta ni kuzuia maji yasitoroke. Mafuta peke yake juu ya nywele kavu yanang'arisha ukavu.

Mafuta gani? Nazi inatosha kwa wengi. Ni miongoni mwa mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele wenyewe na kupunguza upotevu wa protini, hivyo mabibi zetu wa pwani hawakuwa wanabahatisha. Nyonyo ni nzito, nzuri kwa ncha, ila haioteshi nywele pale zilipokufa, muuzaji akuambie nini. Ukipata siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda, ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na haihitaji kupashwa moto kwanza.

Nimeambiwa nywele zangu ni 4C. Ndiyo mwisho wa orodha?

Orodha hiyo, inayopanga nywele kuanzia za singa (1) mpaka zenye mkunjo mdogo kabisa (4C), ilianzishwa na Andre Walker, mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey, miaka ya 1990, na wengine wakaiongezea baadaye. Inasaidia kidogo unapotafuta video za mtu mwenye nywele kama zako. Tatizo ni kwamba watu wameipanga kama madaraja ya mtihani: kadiri mkunjo unavyolegea ndivyo unavyofaulu. Ukiona tangazo la "nywele asilia" na kila msichana ndani yake ana mawimbi yanayoning'inia mabegani, elewa kwamba wamebadilisha jina tu, upendeleo ni uleule.

Nikitaka kuacha dawa, ninyoe zote au niache taratibu?

Njia zote mbili zinafika. Kunyoa ni haraka na huondoa kichefuchefu cha kuwa na nywele za aina mbili kwenye kichwa kimoja. Wanawake waliosoma kwetu wana faida hapa, kwa sababu kichwa kifupi wanakijua tangu shule. Wengi husema wameona tena sura yao ya kidato cha pili. Nenda kwa kinyozi anayejua kuchonga nywele za kike, mwambie unataka umbo, la sivyo atakufanya mwanajeshi.

Kuacha taratibu huchukua mwaka mmoja au miwili. Sehemu inayosumbua ni pale za asili zinapokutana na zenye dawa. Hapo ndipo zinapokatikia. Wanaofanikiwa ni wale wanaosuka kwa kupokezana na kupumzika, na kukata nchani kidogo kila baada ya miezi michache. Wanaoshindwa ni wale wanaosubiri zifike mabegani kabla ya kukata hata kidogo.

Mwezi wa kwanza utajiona wa ajabu. Piga picha za kwenye kitambulisho kabla.

Nikisukwa kichwa kinauma siku tatu na nameza Panadol. Si ndiyo kawaida?

Ni kawaida kwa maana ya kwamba wengi wanafanya hivyo. Kwa maana nyingine yoyote, hapana.

Utafiti ulioongozwa na Profesa Nonhlanhla Khumalo, uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Afrika Kusini, ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu ana upara wa kuvutwa, ule unaoanzia kwenye paji na juu ya masikio. Hatari ilikuwa kubwa zaidi nywele zenye dawa zinaposukwa au kushonewa. Mwanzoni upara huo unarudi ukipumzisha kichwa. Ukiendelea miaka, shina linakufa na kovu linabaki, na hapo hakuna mafuta ya Kariakoo yatakayokusaidia.

Dalili ni rahisi: vipele vidogo vyeupe shinani mwa msuko, ngozi inayoinuka kama hema ndogo, kushindwa kulala ubavu. Ukiviona, fumua, hata kama umelipa. Mwambie msusi kabla hajaanza, "dada, za mbele usizikaze". Akikujibu kwamba msuko usiokazwa haudumu, anasema kweli. Lakini msuko wa wiki tatu ulio legevu una faida kuliko wa miezi miwili unaong'oa. Na watoto, tafadhali, msiwavute. Mtoto wa miaka minne hana harusi ya kwenda.

Nina usaili wiki ijayo. Niende na nywele zangu?

Nitakujibu kwa uaminifu: inategemea unamuendea nani, na ni haki yako kupiga hesabu hiyo bila kuona aibu. Marekani mwanamke mmoja alipewa kazi Alabama mwaka 2010, akaambiwa akate dredi kwanza. Alikataa, kazi ikaondolewa, na mahakama ya rufaa mwaka 2016 ikasema mwajiri hakuvunja sheria, kwa sababu mtindo wa nywele unaweza kubadilishwa. Jeshi la nchi hiyo nalo lilikataza dredi kwa askari wanawake mpaka mwaka 2017. Pengo hilo ndilo lililozaa sheria ya CROWN, inayokataza kumbagua mtu kwa nywele zake, ambayo California ilikuwa jimbo la kwanza kuipitisha, Julai 2019, na majimbo zaidi ya ishirini yamefuata. Kama unaishi huko, angalia jimbo lako linasemaje, maana sheria ya nchi nzima ilipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2022 ikakwama Seneti.

Huku kwetu ubaguzi ni wa maneno laini zaidi. Watasema "nadhifu", "ya kiofisi". Neno nadhifu linaweza kutimizwa na kipilipili vizuri sana: zilizobanwa nyuma kwa kitambaa cheusi, zilizosokotwa na kukunjwa, au fupi zilizochongwa. Jambo moja tu, usijaribu mtindo mpya asubuhi ya usaili. Nenda na ule unaoujua, ili akili yako iwe kwenye maswali. Desemba 2019 Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini alitwaa taji la Miss Universe na nywele fupi za asili. Ukimwona anavyojibu maswali jukwaani utagundua kwamba hakuwa anazifikiria kabisa.

Binti yangu wa miaka sita anasema anataka nywele "zinazoshuka". Nimwambie nini?

Kwanza usimkemee. Ameona katuni, ameona mwanasesere, ameona shangazi zake. Angalia na wewe unasema nini unapomchana. "Nywele zako ngumu kama nini", "leo utaniua", "huyu kachukua za upande wa baba yake": maneno haya ndiyo masomo ya kwanza, na mwalimu ni mama. Mpe chupa ya maji apulizie mwenyewe. Mwache achague shanga za rangi. Mikono yake izoee kichwa chake.

Shuleni mambo ni magumu zaidi. Agosti 2016 wasichana wa shule moja maarufu ya Pretoria waliandamana kupinga kanuni iliyokuwa inawasumbua kwa Afro zao, na mkuu wa elimu wa jimbo la Gauteng, Panyaza Lesufi, akaamuru kanuni hiyo isimamishwe. Kenya, Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba mwanafunzi wa Kirastafari aliyerudishwa nyumbani kutoka shule ya Kibera arudi darasani na dredi zake. Ghana ilifuata mwaka 2021, Malawi 2023. Ila ona: kesi hizo tatu za mwisho zilisimama juu ya dini. Mzazi anayesema tu "mwanangu anazipenda nywele zake" hana mlango huo.

Kuhusu kunyoa shuleni, sina ugomvi nako wote. Shule ya bweni yenye maji ya foleni, mapunye na chawa, nywele fupi zina mantiki. Ninachopinga ni kumnyoa wa kipilipili na kumwacha mwenye singa kwa sababu "zake zinakaa vizuri". Hilo tumeliona wengi, na watoto wanaliona mapema.

Dredi ni uhuni?

Waulize Wakikuyu waliokuwa msituni. Wapiganaji wa Mau Mau walifuga nywele zikasokotana, na Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal, alibaki na zake tangu miaka ya 1950 mpaka Aprili 2022, alipokubali zikatwe na Mama Ngina Kenyatta. Alifariki mwaka uliofuata. Hakuna aliyethubutu kumwambia mama yule kwamba ni mhuni. Kijana wa Sinza mwenye dredi safi alizoziosha jana anasimamishwa kila kona.

Mama mkwe anasema nachukiza, mume wangu anakaa kimya. Nifanye nini?

Shikamoo haikwepeki, na kubishana na mama mkwe kuhusu historia ya ukoloni sebuleni kwake hakujawahi kumsaidia mtu. Wateja wangu waliofanikiwa wamefanya hivi: wamekwenda kwake wamesukwa uzi. Kizazi chake kilisukwa uzi, anaujua, na mara nyingi anaanza kusimulia nani alikuwa anamsuka. Ukimya wa mume ni suala jingine, huyo muulize moja kwa moja anapenda nini, na wewe umwambie unapenda nini. Kichwa ni chako, ila macho yanayokitazama kila siku ni yake, sioni kosa mkizungumza.

Ninavaa ushungi. Nywele zinanihusu?

Zinakuhusu zaidi. Kufunga nywele mbichi chini ya ushungi siku nzima kwenye joto la Tanga au Muscat kunaleta mba na harufu, na kitambaa cha pamba kinanyonya mafuta yote na kusugua za mbele. Vaa kofia ndogo ya kitambaa kinachoteleza ndani, usibane fundo mahali pamoja kila siku, na ziache zikauke kabla ya kufunga. Wateja wangu wa ushungi, kusema kweli, ndio wanaoacha dawa kwa utulivu mkubwa kuliko wote. Hakuna anayewauliza zimefikia wapi.

Kuvaa wigi ni kujichukia?

Hapana. Muulize mvaaji kama anaweza kufungua mlango kwa mgeni bila hilo wigi. Kama anaweza, ni vazi.

Nimejaribu miaka miwili, nimechoka, nataka kurudi kwenye dawa. Nimeshindwa?

Una kazi, una watoto, una maji ya dumu, na Jumamosi nzima inaishia kichwani. Nimeona wanaorudi, na sijamfukuza mtu. Kabla hujarudi jaribu nywele fupi kwa miezi michache, maana mara nyingi kinachochosha ni urefu. Kama bado unataka, basi usitie ndani ya wiki mbili baada ya kufumua rasta, wala siku ya kuosha na kujikuna. Paka kinga kwenye ngozi, anza kwa kipande kimoja nyuma ya kichwa uone zinavyopokea, na zikianza kuwasha sema hapohapo zioshwe, hata kama msusi anaongea na simu. Awamu zinazofuata ni kwa kilichoota tu, na zipishane miezi mitatu.